Mikono ya Koti la Mwanangu Ramazani

Kasuku, Kindu
Jumamosi, alasiri

Mwanangu Ramazani,

Kesho asubuhi utashuka mtoni na kupanda boti ya Lokandu, na mimi nitabaki. Sasa hivi uko ng'ambo, Alunguli, unawaaga walimu wenzako. Nina saa mbili, labda tatu, kabla hujavuka kurudi. Nimefunga mlango wa chumba ili Shangazi asiniulize ninaandika nini.

Usicheke kwa kuona nimekuita mwanangu. Wewe ndiye uliyeanza. Nilipozaliwa ulinipa jina la baba yako, Amisi, aliyekufa mwaka uliotangulia, na tangu siku ile hujaniita kwa jina. Unaniita Papa. "Papa, umekula?" "Papa, kalamu yangu iko wapi?" Nilipoanguka hesabu darasa la tatu ulichukua fimbo, ukaitazama, ukairudisha juu ya kabati ukisema, "Sasa nitapiga baba yangu namna gani?" Hata Shangazi Mwajuma, dada yako mkubwa aliyenibeba mgongoni, hunisalimia kila asubuhi, "Yambo, Papa," kisha hunituma maji. Kwetu ndivyo ilivyo: anayebeba jina la marehemu hubeba na kiti chake. Mimi nilidhani ni mzaha wa kufurahisha wageni, mpaka ile Jumapili ya kikao.

Sitakuandikia habari ya chandarua, wala ya dawa, wala ya kutolala karibu na mashine ya boti. Shangazi amekwisha kukuambia hayo mara tatu, na mara ya nne atakuambia mguu wako mmoja ukiwa ndani ya boti. Nataka kukueleza makosa yangu. Ni mawili. Moja nililifanya wakati wa vita, kabla sijazaliwa. La pili nililifanya juma lililopita, na hilo liko ndani ya sanduku lako.

Lakini nianze na kikao, maana najua hicho ndicho unachokingojea bila kusema.

Ndugu zake Feza, mchumba wako, walipokuja kutoka Lokandu, mambo yote yalikwenda vizuri mpaka mwisho. Mzee wao akasema, "Sasa tusikie baba ya bwana harusi." Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti kirefu, nimevaa suruali ya shule, miguu yangu haijui pa kukaa. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: nimekubali. Nikatazama vidole vyangu. Nikaendelea kuvitazama. Shangazi akaniokoa: "Papa yetu iko na haya, mumuache." Wakacheka, wakafungua soda. Wewe hukucheka. Ulipowasindikiza mlangoni nilikusikia ukisema, "Neno la baba yangu litakuja. Bila neno lake nitakwenda Lokandu kufundisha tu. Ndoa itangoja."

Siku kumi na tatu zimepita. Hujaniuliza hata mara moja. Ungeniuliza, ningekasirika. Hukuniuliza, nikakasirika zaidi.

Ni kweli nina haya. Darasani najua jibu na sinyooshi kidole. Lakini siku ile haikuwa haya. Ulikuwa wivu, na nitakueleza ulivyonianza, maana haukuanza na Feza. Ulianza na suti.

Unakumbuka ujumbe wa simu wa kaka yake Feza? "Kwetu bwana harusi anavaaka smokingi. Shemeji wetu wote watatu walivaa. Hatusemi ni lazima." Ulipokata simu ukasema, "Wakisema si lazima, njo lazima kabisa." Kisha ukanigeukia: "Papa, weye unayesoma vitabu, smokingi ni nini hasa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lililonifurahisha kama hilo. Nilikwenda kwenye maktaba ya parokia, nikakuta kitabu cha zamani cha mafundi wa nguo, cha Kifaransa, kimepoteza jalada. Nikanakili katika daftari langu la jiografia: koti jeusi, kola yake imefunikwa kitambaa kinachong'aa, kifungo kimoja tu. Suruali ya weusi uleule, ina utepe unaong'aa ubavuni kutoka kiunoni hadi kifundoni, haina mahali pa kupitisha mkanda. Shati jeupe, na tai ya kipepeo. Uliposoma ulipiga mluzi. Mshahara wa mwalimu unaujua unavyokuja. Suti mpya ya namna hiyo hatukuweza hata kuiota. Ikabaki nguo za balo, zile zilizovaliwa Ulaya na kuletwa zimefungwa mzigo mmoja kama marobota ya pamba.

Jumamosi tatu tulikwenda sokoni, wewe na mimi, saa ile wauzaji wanapokata mikanda ya mizigo. Jumamosi ya kwanza tulifika kwa yule mama mnene anayekaa juu ya meza yake mwenyewe, Mama Safi.

"Mwalimu, kuya hapa! Hii ilikuwa ya minista!"

Ukavaa. Ukasema, "Minista alikuwa na mabega ya mutoto?"

"Mabega fundi atapanua."

Na mimi, ambaye sokoni huwa sisemi hata bei ya chumvi, nikajisikia nikisema, "Fundi hawezi."

Mama Safi akanitazama kutoka chini hadi juu. "Huyu nani?"

"Ni papa yangu," ukamwambia.

"Aaa! Basi Papa atoe makuta, mutoto avae!"

Watu walicheka mpaka meza ya tatu, na mimi nilitamani kuingia ndani ya mzigo wa nguo. Lakini ulivua lile koti. Ulinisikiliza. Tangu hapo ulinigeuzia mgongo kila ulipovaa koti jipya, ukangoja, na mimi nikaweka viganja vyangu juu ya mabega yako kutafuta mahali mshono unapoishia. Ukiishia pale mfupa wa bega unapoishia, tunaendelea. Ukivuka, au usipofika, tunarudisha. Sikuwa nimekugusa mabega tangu nilipokuwa mdogo wa kubebwa. Sikujua ni mapana hivyo.

Tulijifunza pamoja. Nilikuambia uinue mkono kama unayeandika ubaoni, tuone kama kola inabaki shingoni au inakimbia. Koti moja tulilipenda sana, na chini ya turubai suruali yake ilionekana pacha wake. Nikasema tuvitoe juani. Kwenye jua koti lilibaki jeusi, suruali ikawa kijani kama tope la mtaroni. Mama Safi akasema usiku hakuna atakayeona. Ukamjibu kwamba Lokandu jua linatoka pia. Suruali nyingine niliiinua kwenye mwanga, nikaona matako yake yamelika hadi nyuzi. Mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa.

Jumamosi ya tatu tuliipata. Ilikuwa kwenye rundo la nguo za wanawake, kwa sababu aliyechambua mzigo aliona kola inayong'aa akadhani ni blauzi ya sherehe. Koti na suruali vilikuwa vimefungwa pamoja kwa uzi wa dukani. Mabega yalikuwa yako, kana kwamba huko Ulaya kulikuwa na mtu aliyeyaazima akayarudisha. Mengine yote hayakuwa yako: tumbo la koti pana, mikono mirefu hadi vidoleni, suruali ya mtu aliyeshiba. Nikageuza mishono ya ndani nikakuta kitambaa cha akiba kimekunjwa humo, na nikakuambia basi, linunue, hayo mengine ni kazi ya fundi. Kwa kuwa lilikuwa la rundo la wanawake, Mama Safi alituachia kwa bei ndogo, na fedha ya fundi ikabaki mfukoni.

Mwanangu, zile Jumamosi tatu zilikuwa nzuri kuliko siku zote tangu Mama alipokufa. Zilikuwa nzuri hivi kwamba nilisahau suti ni ya nini.

Kisha njiani, pale pikipiki za taksi zinapogeuzia, wewe ukiwa na koti mkononi na mimi na suruali, ukasema maneno mawili. "Feza atafurahi."

Hukusema kwa ubaya. Hukusema hata na mimi. Ulisema na lile koti. Lakini nilihisi suruali imekuwa nzito, nikatamani kuiacha katikati ya barabara. Nilikuwa nimekuvalisha kwa ajili ya mtu mwingine. Na nikamfikiria Mama.

Hapa linakuja kosa langu la kwanza. Unalijua, lakini hujawahi kulisikia kutoka kwa Amisi, na Amisi ndiye aliyepaswa kulisema.

Wakati wa vita, wewe ulipokuwa kijana, mji ulikuwa umejaa watu wenye silaha. Treni ilikuwa imelala. Chumvi, sabuni na kitambaa vilifika juu ya baiskeli zilizosukumwa majuma mazima msituni. Baba yako, zamani, alikuwa akihudumia meza katika nyumba ya wageni ya watu wa reli, na kutoka siku zile alikuwa na suti moja nyeusi. Alioa nayo. Askari walipoanza kuingia nyumba kwa nyumba, aliiweka kwenye sanduku la bati, akachimba nyuma ya jiko, akaifukia.

Wewe ukampata Mama. Ukaenda kwa baba yako ukaiomba ile suti kwa siku moja tu. Akasema, "Vita ikiisha." Ukamwambia, "Vita haina tarehe, Papa." Akakataa. Hata padri alipomwomba, alikataa.

Watu wote wanasema aliogopa askari. Shangazi hasemi hivyo. Shangazi anasema kwamba siku chache kabla ya kuifukia, baba yako alirudi nyumbani akakukuta umesimama chumbani umeivaa kwa siri. Mabega yako yalikuwa yamelijaza koti kuliko yake yalivyowahi kulijaza. Alingoja uivue, akaikunja mwenyewe. Kisha akatafuta jembe.

Kwa hiyo ulimuoa Mama ukiwa umevaa shati jeupe la jirani, lenye mikono mifupi. Vita ilipokwisha, mlichimba pamoja, wewe na baba yako. Maji yalikuwa yameingia. Alipoishika kola, ilimbaki mkononi kama ganda la kitunguu. Shangazi anasema wewe ndiye uliyefukia shimo, na yeye akaingia ndani, na mpaka anakufa hakulitaja tena.

Mimi ninalitaja. Nilikuonea wivu, mwanangu. Sikuogopa askari. Niliogopa watu wakuone ndani ya suti yangu wakasahau kwamba ilikuwa yangu. Nilipaswa kukupa siku ileile, na kukushikia kioo. Naomba unisamehe. Nimebeba jina lake miaka kumi na saba na sikujua kwamba nimebeba na hili, mpaka juma lililopita nilipojiona nikilifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Hilo ndilo kosa la pili.

Siku chache baada ya kikao, Fundi Shabani alikuwa amekwisha kupunguza tumbo la koti na kiuno cha suruali. Ikabaki mikono. Alikuambia ulivae nyumbani pamoja na shati utakalovaa siku yenyewe, usimame wima, na uweke pini pale utakapotaka mkono uishie, ili shati jeupe lichungulie upana wa kidole kimoja. Ulifanya hivyo mbele ya kioo cha Shangazi. Uliniuliza, "Papa, kidole kimoja?" Nikasema kimoja. Ukaweka pini kwa uangalifu, kama mtu anayesahihisha mtihani, ukalikunja koti, ukanipa nilipeleke kwa sababu ulikuwa na kikao cha shule.

Njiani, nyuma ya ukuta wa shule ya msingi, nilisimama, nikatoa pini, nikazipandisha vidole vinne.

Nitakuambia nilichokuwa nikifikiri, ingawa ni aibu. Nilifikiri: Mama aliolewa na mikono mifupi. Na huyu aolewe na mikono mifupi.

Fundi aliziona mara moja. Unamjua, yeye huongea pini zikiwa mdomoni.

"Hizi pini, nani aliweka?"

"Yeye."

"Mwalimu mwenyewe?"

"Yeye."

"Mwalimu iko mutu mulefu. Anataka kuonyesha nini, saa?"

"Hana saa," nikasema.

Akalitundika koti msumarini. Kisha akasema, "Haya. Alhamisi."

Siku ile nilikuwa na furaha. Ni lazima niandike hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikula vizuri. Nilikuona katika mawazo yangu ukiingia ukumbini kule Lokandu, mashemeji wote watatu wamepanga mstari, na mikono yako imetoka nje ya koti kama ya mtoto anayekua haraka. Nilicheka peke yangu chini ya shuka.

Alhamisi nilikuletea koti limefungwa kwenye gazeti. Nilingoja ulivae. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba fundi amekosea. Lakini hukulivaa. Ulifungua gazeti kidogo, ukagusa kola, ukalifunga tena, ukaliweka sandukuni chini ya mashati. Shangazi akasema, "Hujaribu?" Ukamjibu, "Papa yangu alisimamia. Nijaribu ya nini?"

Tangu Alhamisi sijala vizuri.

Nilijaribu kujitetea kwa kumtumia Mama. Lakini nilipomkumbuka vizuri, hakukubali kutumiwa. Ulikuwa unamsikia mwenyewe, wakati wa kuosha vyombo: "Baba yako aliniowa na mikono ya mutoto wa primeri!" Nawe ukiwa barazani: "Na bado ulikubali!" Naye: "Nilikuwa natazama uso, sikufika kwa mikono." Kisha mnacheka wote wawili, na mimi nacheka kwa sababu mnacheka. Hakuwa na kinyongo na lile shati. Kinyongo nilikishona mimi, baada ya yeye kufa, kwa sababu nilitaka kitu chake ambacho wewe huna.

Leo, ulipovuka tu kwenda Alunguli, nilifungua sanduku lako nikachukua koti na shati, nikakimbia kwa Fundi Shabani. Nilimwambia yote. Sijui niliwezaje, labda kwa sababu alikuwa amenipa mgongo, anapuliza makaa ya pasi. Nilipomaliza nikamuuliza kama kuna kitambaa kinachofanana, cha kuunga mikono.

Alicheka mpaka akatoa pini mdomoni.

"Papa mukubwa," akasema, "unaonea mutoto wako wivu!" Kisha akaligeuza koti ndani nje, akanionyesha. Hakuwa amekata. Alikuwa ameukunja mkono na kuushika kwa nyuzi chache tu, kitambaa chote kimelala ndani. "Mimi sikati mukono wa muntu ambaye haiko mbele yangu. Mukasi haina sorry. Nilijua mwalimu atavaa, ataona, atarudi na kelele. Nikangoja kelele. Haikuya. Nikasema, kumbe hawa watu wanapendana."

 Niligeukia ukuta nikakunjua shati, wateja wasione macho yangu.

Tuliingiza shati ndani ya koti, tukavaa mkono mmoja mmoja, yeye kulia, mimi kushoto, tukapima kidole kimoja. Akashona. Akalowesha kitambaa, akakiweka juu, akapitisha pasi ya makaa mara tatu. Mkono wa kulia umetoka safi. Wa kushoto una mstari, pale mkunjo ulipokaa siku zote hizi. Ni mwembamba, lakini ukisogeza mkono kwenye taa unaonekana. Fundi anasema ukivaliwa mara kadhaa utapungua. Hakusema utaisha. Shemeji zako wakiuuliza, uwaambie chochote unachotaka, hata ukweli.

Kwa hiyo ukifika nyumbani, kabla ya chakula, livae. Usiniamini. Livae mbele ya Shangazi, uinue mkono kama unayeandika ubaoni.

Kuna jambo moja zaidi na ningependa kuliruka, lakini nimekwisha kuandika mabaya zaidi ya hili.

Feza alipokuja hapa mara ile ya kwanza, na kapu la samaki wa kukaushwa, wewe ulikuwa umetoka kutafuta vinywaji. Shangazi alikuwa nyuma. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Papa Amisi, nikae wapi?" Aliniita vile bila kucheka. Aliona viti vinne vitupu na hakuchagua. Nadhani alijua kwamba kimoja kilikuwa cha Mama na hakujua kipi. Mimi nikamwonyesha kigoda cha karibu na jiko, pale moshi unapotokea. Akakaa. Uliporudi ukamwambia asogee, akasema hapa ni pazuri. Alikaa alasiri nzima, macho yanamtoka machozi, hakuhama. Mimi nilikuwa na kitabu mbele ya uso na sikusoma hata ukurasa mmoja. Nilikuwa nikingoja achoke, na hakuchoka. Nimemwonea wivu hata kwa hilo. Mimi ningehama.

Sikuandikii haya ili uone nimegeuka mtu mwema. Asubuhi ya leo nilipoona umeng'arisha viatu, wivu ulinishika tena, uleule. Naionea wivu boti. Nawaonea wivu watoto wa Lokandu utakaowafundisha kugawanya sehemu, maana mimi ulinifundisha kwa vipande vya muhogo na wao utawafundisha kwa samaki. Ninabaki hapa kwa sababu ya mtihani wa taifa, na ni sawa, mimi mwenyewe nilisema nibaki. Lakini kila mahali mzazi ndiye hubaki mlangoni na mtoto ndiye huenda, na nimegundua kwamba sikuipenda nafasi hii hata kidogo. Sijui wazazi wengine huivumilia namna gani. Labda hawaivumilii. Labda ndiyo maana husema sana habari ya chandarua.

Kama kuna ushauri wa baba ndani ya barua hii, ni huu mmoja. Siku utakapopata mtoto mwingine huko, na ninajua utampata, na akakua akawa na mabega mapana kuliko yako, mpe koti. Mpe likiwa bado zima.

Nasikia sauti yako barabarani, unamtania jirani. Shangazi ameanza kupakua. Nitaiweka karatasi hii juu kabisa, juu ya gazeti, na sanduku nitaliacha wazi ili uione ukiingia tu, na nitakaa chumbani kwa sababu siwezi kusimama hapo ukisoma. Ukimaliza, usinijie na maneno mengi. Kohoa tu, nitajua.

Sasa nasema lile neno. Nimelijaribu kwa sauti mara mbili chumbani na limetoka, kwa hiyo asubuhi nitalirudia mbele ya Shangazi na mbele ya kaka yake Feza atakapokuja kukuchukua, hata kama nitatazama vidole vyangu.

Mimi, Amisi, baba yake Ramazani, nimekubali mwanangu amuoe Feza. Wivu bado ninao. Lakini siku ile ya kikao hakuna aliyeuuliza wivu, niliulizwa mimi.

Ni mimi, baba yako, uliyenizaa,

Amisi